Sifa Ikitamkwa Sharti Itimie

Iko nchi moja ambayo wachora ramani huizunguka kwa adabu, kama wapita njia wanavyomzunguka jirani aliyelala barabarani. Ni nchi safi, yenye amani, na wananchi wake wote wana majina mazuri. Jambo hili halikuja kwa bahati. Limeletwa na sheria.

Mambo yalianza na daraja. Mtukufu Mlezi wa Taifa alikwenda kulizindua, akakata utepe, akapunga mkono. Mwuza mchicha mmoja aliyekuwa akipita na kapu lake akasema, bila kuulizwa na mtu, "Mbona limepinda?"

Mwuza mchicha alishtakiwa kwa kulichafulia daraja jina. Kesi ilichukua siku tatu. Daraja lenyewe halikuweza kutoa ushahidi, kwa kuwa siku ya pili lilianguka mtoni, lakini wakili wake alizungumza vizuri sana, na jaji akaona kwamba lilianguka kwa huzuni. Daraja likashinda kesi.

Baada ya hapo Bunge lilipitisha Sheria ya Kulinda Jina la Kila Kitu. Atakayetaja kasoro ya mtu, mnyama, chombo au jengo, kifungo chake ni miaka mitano. Wananchi walipewa siku thelathini kusalimisha matusi, masengenyo, mafumbo na maneno yote yenye ncha katika ofisi za kata. Wakapanga foleni. Kila mmoja aliketi mbele ya karani, akatamka alichokuwa nacho, karani akakiandika, na tangu hapo neno likawa mali ya Serikali.

Wengi walimaliza kwa nusu saa. Katika Mtaa wa Bomba Mbili, mkaanga vitumbua aitwaye Bi Mwajabu, ambaye ulimi wake uliwahi kumfanya mpiga mbiu wa mtaa aombe uhamisho, alikaa mbele ya karani siku mbili na nusu. Karani alilazwa. Bi Mwajabu alipewa Cheti cha Kinywa Safi, akakitundika juu ya kikaango chake, kikapakwa moshi mpaka kikafanana na maneno aliyoyasalimisha.

*

Serikali ikajikuta katika shida ambayo haikuitarajia. Watu wenye kuudhi walikuwa bado wapo. Zamani ingewaita wezi, wachochezi au wasaliti, kisha ingewafunga. Sasa maneno hayo yalikuwa yamefungiwa kabatini, na Serikali, tofauti na wengine, hutii sheria zake. Miezi ile ilikuwa migumu. Polisi walimkamata mtu na kumwachia jioni kwa kukosa namna ya kumwita.

Aliyeiokoa nchi alikuwa karani, Zuberi Nkondo. Alikuwa mtu mwangalifu, mwenye kalamu tatu mfukoni na mashati manne yaliyofanana. Alisoma chuo kikuu, akafaulu, na akaajiriwa katika Ofisi ya Sifa na Heshima kuandika risala za siku za kuzaliwa. Siku moja, katika kikao kirefu, aliinua mkono akatoa hoja moja tu.

"Serikali haisemi uongo," alisema. "Kwa hiyo Serikali ikimsifu mtu kwamba ni mkarimu, naye akabaki na godoro lake, nani atakuwa mwongo?"

Mkurugenzi wa Ofisi, Mheshimiwa Daktari Kapulya, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Sifa ikitamkwa," alisema polepole, "sharti itimie."

Ndivyo kilivyozaliwa Kitabu cha Utimilifu. Zuberi alikiandika mwenyewe kwa miezi saba, neno kwa neno, kwa mwandiko ambao mtu angependa kuutundika ukutani. Upande wa kushoto aliandika sifa. Upande wa kulia aliandika namna ya kuitimiza.

*Mkarimu: agawiwe wengine alicho nacho.* Nyumba ya mkarimu ilimalizwa kwa asubuhi moja, pamoja na milango.

*Mvumilivu: asiharakishwe.* Mwalimu mmoja mstaafu, aliyelalamikia kiinua mgongo chake, alisifiwa kwa uvumilivu mwaka wa kwanza wa kitabu. Yupo dirisha namba sita hadi leo. Wamemwekea kigoda.

*Msema kweli: atunzwe mbali na watu, asije akaambukizwa uongo.* Hawa walikaa katika vyumba visivyo na madirisha huko Machimbo ya Chumvi, na inasemekana hawajawahi kudanganya hata mara moja.

*Mwenye upendo: asitenganishwe na ampendaye, popote apelekwapo.* Mjane mmoja alisifiwa kwa jinsi alivyompenda marehemu mumewe. Zuberi aliona tu ombi la kupanua kaburi. Alisahihisha tahajia, akalirudisha.

*Jasiri: atangulie mbele ya hatari.* Kule mpakani kuna uwanja mpana uitwao Shamba la Ushindi, uliojaa mabomu ya ardhini tangu vita ambavyo nchi ilishinda kwa mujibu wa redio. Mashine ya kuyategua ilikwisha nunuliwa, ila inangoja kuzinduliwa. Wakati huo jasiri hupewa jembe. Kwa wastani hutangulia hatua arobaini.

Utaratibu haukuishia ofisini. Kifungu cha nne kilisema kwamba sifa itakayotamkwa na raia yeyote mbele ya Afisa Mtimizi, naye akaiandika, imesajiliwa. Bwana harusi mmoja, kwa furaha, alisema mbele ya wageni kwamba macho ya mke wake hayachoshi kutazamwa. Miongoni mwa wageni alikuwamo Afisa Mtimizi, mjomba wa bibi harusi, mtu mwadilifu. Bibi harusi yuko Makumbusho ya Taifa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, isipokuwa sikukuu. Tangu hapo watu walijifunza kula wali mtamu kimyakimya.

Zuberi hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumwona msifiwa hata mmoja. Yeye alishughulika na maneno, na maneno yalikuwa mazuri.

*

Siku ya Jumatatu faili jipya liliwekwa mezani pake. Juu yake paliandikwa: *Mtambo wa Oksijeni dhidi ya Muuguzi Mwantumu Nkondo.*

Alilisoma mara mbili. Mwantumu alikuwa dada yake, ndugu pekee wa damu aliyebaki naye duniani. Mama yao alipofariki, Mwantumu alikuwa na miaka kumi na minne na Zuberi minne. Alimlea kwa uji na makofi. Zuberi alipopata degedege, dada yake alimfunga mgongoni kwa khanga akakimbia naye mpaka zahanati, akiwa peku, akiliita jina lake njia nzima ili asilale.

Sasa Mwantumu alikuwa muuguzi mkuu katika wodi ya watoto wachanga. Katika wodi hiyo ulisimama mtambo wa oksijeni, mpya, unaong'aa, umefungwa utepe mwekundu. Ulikuwa umesimama hapo miezi kumi na minne, ukimngoja Mtukufu Mlezi aje auwashe kwa mkono wake mwenyewe. Daftari la wodi lilikuwa na maneno matatu yaliyoruhusiwa kwa mtoto anayefariki: *amepumzika*, *ameitwa*, *amechoka na dunia*. Muuguzi hutia alama panapohusika. Siku ya Ijumaa, Mwantumu hakutia alama popote. Alichukua kalamu akaandika pembeni: *Wanne leo. Mtambo haujawashwa.*

Mtambo ulilalamika kupitia kwa wakili wake.

Mwantumu alifika nyumbani kwa Zuberi Jumanne alasiri, akiwa bado na sare ya kazi, amebeba maandazi katika gazeti.

"Umelipata?" aliuliza kabla hajavua viatu.

"Nimepata nini, dada?"

"Zuberi, usinifanyie uofisi. Faili langu."

Zuberi akafunga dirisha. "Kwa nini uliandika? Palikuwa na maneno matatu ya kuchagua."

"Yule wa nne alifia mikononi mwangu. Nikamwambia mama yake, 'Amechoka na dunia.' Akaniangalia. Akasema, 'Sista, ana siku mbili. Amechoshwa na nini?' Haya, wewe msomi, ungemjibu nini?"

"Ningemwambia ameitwa."

"Hata wewe ulikuwa unaitwa siku ile ya degedege. Ningekaa chini kuchagua neno, leo ningekuwa nazungumza na nani?"

Mwantumu alimsogezea andazi kama alivyokuwa akifanya zamani, kabla hajachukua lake.

"Sikuja kukulaumu," alisema. "Najua watanisifu. Nimekuja kukuomba kitu kimoja. Kitabu ni chako. Nitafutie neno dogo, mdogo wangu. Neno kibogoyo, lisilo na meno."

"Nitalitafuta, dada."

"Niangalie usoni useme."

Zuberi alimwangalia usoni, akasema.

*

Alitafuta siku tatu. Alikuwa hajawahi kukisoma kitabu chake kama mtu mwenye ndugu. *Mpole* hakuwa na haki ya kujitetea. *Mchapakazi* hakuwa na haki ya kulala. *Mnyenyekevu* aliondolewa viti, kisha kitanda, kisha sakafu. Siku ya nne, katika ukurasa wa mia mbili na tatu, alilipata neno alilokuwa amelitengeneza kwa ajili ya shangazi wa Mtukufu Mlezi. *Nadhifu: apewe sabuni.*

Aliandika hati kwa furaha, akaipeleka kwa Mkurugenzi.

Daktari Kapulya aliisoma, akacheka kwa upole wa baba.

"Nadhifu ni sifa ya sufuria, ndugu Karani! Hapa tuna mwanamke aliyethubutu kuandika 'haujawashwa' ndani ya daftari la Serikali. Kwa wino! Mchana! Mtambo ukimtazama! Mimi mwenyewe, ninayezungumza nawe, nisingethubutu. Huo ni nini kama si ujasiri? Taifa lisilosifu majasiri wake litasifu nini? Tusimpunje, ndugu Karani. Andika *jasiri*."

"Mheshimiwa," Zuberi alisema, "ni dada yangu, tumbo moja."

"Hongera!" Mkurugenzi alisimama akampa mkono. "Familia yenu imebarikiwa."

Zuberi alirudi mezani. Aliandika *jasiri*. Aliliandika vizuri, kwa kuwa hakujua kuandika vibaya.

Hata hivyo, akiwa anakausha wino, alikikumbuka kifungu cha tisa. Alikuwa amekiweka mwenyewe, ili sheria ionekane imekamilika: *Sifa itabatilika endapo mashahidi wawili, mmoja wao akiwa ndugu wa damu, watataja hadharani kasoro ya msifiwa iliyo kinyume na sifa hiyo.* Hakikuwahi kutumika. Kumtaja mtu kasoro kulikuwa na kifungo cha miaka mitano, na hakuna aliyempenda mwenzake kwa kiasi cha kumtukana.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Watu wawili wasimame uwanjani wamwite Mwantumu mwoga. Wataenda jela miaka mitano, naye hataenda Shamba la Ushindi. Shahidi mmoja alikuwa Zuberi. Wa pili alipaswa kuwa mtu ambaye bado alikuwa na matusi.

*

"Shikamoo, Bi Mwajabu."

"Marahaba, karani. Umekuja kwa vitumbua au kwa maafa?"

Zuberi alieleza kwa sauti ya chini. Bi Mwajabu aliendelea kugeuza vitumbua, kimoja kimoja, bila kuinua kichwa. Alipomaliza kusikiliza alionyesha cheti chake kwa ncha ya kijiti.

"Nilisalimisha yote. Sikumbuki hata namna ya kumwita mbuzi."

"Yote, bibi?"

"Umewahi kumwona mpishi aliyetoa chumvi yote jikoni?"

Akavuta kigoda, akaketi, akashusha sauti. "Dada yako alimpokea mjukuu wangu. Alizaliwa bluu, kimya kama jiwe. Mwantumu akamwekea mdomo, akampulizia pumzi zake mwenyewe robo saa nzima, na lile dude la utepe limesimama pembeni kama bwana harusi aliyesahauliwa. Mpaka mtoto akalia. Kwa hiyo nitamtukana dada yako, karani. Nitamtukana kwa moyo wangu wote."

"Ni miaka mitano, bibi."

"Nina sabini na moja. Watafunga nini, magoti? Wewe ndiye unanitia shaka. Hebu sema tusikie."

Zuberi alitazama barabarani. "Ni kweli. Dada yangu ni mwoga."

"Hiyo ni sauti ya kuazima kiberiti."

"Ni kweli! Dada yangu ni mwoga."

"Afadhali. Kajizoeze." Akamfungia vitumbua viwili kwenye jani. "Na usiende kutafuta njia ya katikati. Nyinyi mliosoma mnapenda sana njia ya katikati."

*

Sherehe ilifanyika Uwanja wa Shukrani, saa nne asubuhi. Mwantumu aliketi jukwaani, sare yake imepigwa pasi, shingoni amevishwa shada la maua. Kulia kwa Mkurugenzi uliketi mtambo wa oksijeni, kwa kuwa ndio uliokuwa mlalamikaji. Ulikuwa na utepe wake, na askari aliushikia mwavuli. Nyuma yao alisimama Afisa Mtimizi, Bwana Masanyiwa, akiwa na daftari la usajili na jembe jipya lililolazwa juu ya mto wa mahameli.

"Wananchi!" alisema Daktari Kapulya. "Ziko nchi ambazo raia akikosea huchafuliwa jina, hutukanwa, hutangazwa magazetini. Washenzi! Naomba radhi, wahisani wetu wa nje mlioketi mbele. Sisi hatumchafui mtu. Sisi tunamng'arisha. Tunamng'arisha mpaka asionekane! Leo tunaye mama huyu. Amethubutu ambapo sote hatukuthubutu. Kwa mamlaka niliyopewa, namtamka kuwa *jasiri*."

Watu walipiga makofi kwa kiwango kilichowekwa. Mkurugenzi akauliza kwa haraka, kama mtu anayesoma maandishi madogo nyuma ya dawa: "Kuna mwenye neno? Kuna mwenye neno? Kuna mwenye neno?"

"Mimi ninalo!"

Bi Mwajabu alipita katikati ya watu, amejifunga khanga kiunoni. Alisimama chini ya jukwaa, akamtazama Mwantumu kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, akavuta pumzi.

"Jasiri? Huyu? Huyu akiona mende anapanda juu ya meza! Radi ikipiga, anaingia uvunguni na sufuria kichwani, anaomba dua za dini mbili! Mwoga wa kuzaliwa! Moyo wa kifaranga kilichonyeshewa! Nimekaa naye mtaa mmoja miaka ishirini, hajawahi kupita mbele ya bata wangu bila kunishika mkono! Kinyonga ana mwendo kumshinda! Mkipeleka huyu mpakani, mabomu yenyewe yatamwonea haya! Mdomo kama kata ya maji, miguu kama ya kuazima, na uji wake una madonge!"

Hakuna aliyesikia raia akitukanwa hadharani kwa muda wa miaka sita. Uwanja mzima uliinama mbele kama shamba la mpunga kwenye upepo. Mzee mmoja alifumba macho, machozi yakamtiririka. Mama mmoja alirudia kwa kunong'ona, "Kifaranga kilichonyeshewa," kama mtu aonjaye asali. Jukwaani, Mwantumu alikuwa amejiziba mdomo kwa shada, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Daktari Kapulya alipekua sheria, akapata kifungu cha tisa, akakunja uso. Alijua kusoma, na kifungu kilikuwa wazi.

"Shahidi wa kwanza amesikika," alisema. "Yupo wa pili, ndugu wa damu?"

Zuberi alisimama. Alikuwa katika safu ya watumishi, katika shati lake la pili kati ya manne. Alimwona dada yake ameacha kucheka na kumtazama. Alimwona Bi Mwajabu akimwashiria kwa kichwa: haya, sema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Aliyahisi kama andazi la moto. Halafu akaiona miaka mitano. Haikupita haraka, ilipita mwezi mmoja mmoja, bila kalamu. Na katika nafasi hiyo ndogo, akili yake iliyosomeshwa ikampa wazo, na wazo lilikuwa zuri.

Kwa nini amtaje dada yake kasoro? Yuko aliyekwisha kuzitaja. Yeye athibitishe tu kwamba mtu huyo hasemi uongo. Dada ataokoka, na hakuna tusi litakalokuwa limetoka kinywani mwa karani wa Serikali.

"Mheshimiwa," Zuberi alisema kwa sauti safi iliyofika kila pembe, "Bi Mwajabu ni msema kweli."

Sauti pekee iliyosikika ilikuwa ya kalamu ya Bwana Masanyiwa, ikiandika.

"Imesajiliwa," alisema Afisa Mtimizi.

Bi Mwajabu aligeuka polepole. "We mtoto," alisema. "Umefanya nini?"

"Hapana, ngoja," Zuberi alisema. "Mheshimiwa, kama ni msema kweli, basi aliyoyasema ni kweli. Dada yangu hawezi kuwa jasiri. Ni mantiki."

"Ni mantiki safi," alikubali Daktari Kapulya, na uso wake ukafunguka kama mlango wa karamu. "Lakini sifa huanza kutumika siku ya pili yake, saa mbili asubuhi, wala hairudi nyuma. Ukurasa wa kumi na mbili. Aliyoyasema leo, aliyasema akiwa bado mtu wa kawaida. Nani aliandika ukurasa huo?"

Mwandiko ulijulikana.

"Kifungu cha tisa kinataka kasoro, ndugu Karani. Wewe umetoa sifa. Tunakushukuru. Hata hivyo, Serikali si katili. Nakupa nafasi nyingine. Unayo kasoro ya kumtaja dada yako?"

Zuberi alifungua mdomo. Alimtazama Mwantumu, kisha mtambo, kisha viatu vyake. Alivitazama viatu vyake kwa muda mrefu. Kutazama viatu si kasoro kwa mujibu wa sheria, na Mkurugenzi akafunga kitabu.

Maafisa wawili walimshika Bi Mwajabu kwa heshima, kama inavyompasa msema kweli. Alipopita mbele ya Zuberi hakumtukana. Alimtazama kama mtu anavyotazama kitumbua kilichoanguka mchangani.

"Nilikwambia ukajizoeze," alisema.

*

Lori lilikuwa nyuma ya uwanja, injini ikiwaka. Mwantumu alikwisha pandishwa, ameketi juu ya benchi, jembe amelilaza magotini. Bwana Masanyiwa alisimama kwenye bodi ya nyuma akikamilisha fomu. Zuberi alikuja akikimbia.

"Dada."

"Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Nilidhani nimepata njia ambayo isingemuumiza mtu."

"Niliiona. Imepita juu ya bibi wa watu." Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uchovu wa mtu aliyemaliza zamu mbili. "Nani atamkaangia yule mjukuu vitumbua?"

Zuberi alilia. Alilia vizuri, kwa sauti ya chini, bila kumsumbua dereva. Alishika ukingo wa lori. "Nakupenda, dada. Mungu shahidi, hakuna ninayempenda kama wewe."

Mwantumu alimtazama mdogo wake. Kisha akamgeukia Afisa Mtimizi.

"Afande. Kalamu yako bado ina wino?"

"Daima, mama."

"Basi andika. Ndugu yangu huyu—"

Zuberi alielewa kabla ya wengine, kwa kuwa kitabu kilikuwa chake. "Dada, usi—"

"Ndugu yangu huyu, Zuberi Nkondo, ni mwenye upendo. Ananipenda mimi kuliko kitu chochote duniani. Amekiri mwenyewe sasa hivi, nawe umesikia."

Bwana Masanyiwa alikuwa mtu mwenye moyo laini. Alipangusa jicho kwa mkono wa shati, akaandika.

"Imesajiliwa," alisema. "*Asitenganishwe na ampendaye, popote apelekwapo.* Unayo pingamizi, ndugu Karani?"

Zuberi alifikiri kwa kasi ambayo hakuwahi kufikiri nayo maishani. Kifungu cha tisa kilitaka mashahidi wawili wa kusema kwamba hampendi dada yake, mmoja wao ndugu wa damu. Ndugu wa damu alikuwa naye mmoja tu. Alikuwa juu ya lori, ameshika jembe.

"Sifa huanza kesho," alisema. "Saa mbili. Ukurasa wa kumi na mbili."

"Kweli kabisa," alisema Bwana Masanyiwa. "Na kufika mpakani ni safari ya siku mbili. Tutakuwa tumewahi." Akamgeuzia daftari. "Tafadhali nipitishie macho. Wewe ndiye mwenye lugha."

Zuberi alilichukua daftari. Afisa alikuwa ameandika sentensi ndefu, isiyo na nukta hata moja. Kalamu ya kwanza kati ya zile tatu ilitoka mfukoni yenyewe. Aliikata sentensi mara mbili, akaweka nukta, akatia saini mahali pa kutia saini. Ilisomeka vizuri.

Wakampa jembe. Alipanda kwa shida, kwa kuwa hakuwahi kupanda lori. Kwenye lango la uwanja iliwabidi wasimame ili mtambo wa oksijeni upite kwanza, ukirudishwa wodini chini ya mwavuli wake, utepe ukipepea. Askari waliupigia saluti.

Zuberi alibaki amesimama katikati ya lori, jembe mkononi, hajui akae wapi. Mwantumu alisogea mpaka mwisho wa benchi, akampisha mahali palipofunikwa na turubai.

"Kaa huku kwenye kivuli," alisema. "Jua huwa linakutia homa."